Wamasai na Waingereza: Urafiki wa Miaka Ishirini na Mwisho Wake

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Naivasha hufika mahali ambapo nchi hukatika ghafula, na chini yake huonekana Bonde la Ufa, pana na kavu, na mlima Longonot umesimama peke yake. Sehemu ya bonde hilo iliyo chini ya ukingo huitwa Kedong. Zamani ilikuwa malisho ya Wamasai, tena ilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Mwezi wa Novemba 1895 msafara mmoja wa Serikali ya Waingereza ulishambuliwa humo, na zaidi ya watu 500 wakauawa kwa mikuki. Waliouawa walikuwa wapagazi, wengi wao Wakikuyu, na wengine Waswahili wa pwani. Waliowaua walikuwa Wamasai.

Ilitazamiwa kwamba vita vikubwa vingefuata. Havikufuata. Serikali haikuwapelekea Wamasai jeshi la kuwaadhibu, na baada ya muda mfupi morani walionekana wakienda vitani bega kwa bega na askari wa Serikali. Urafiki huo ulidumu karibu miaka ishirini. Ulianza kwa njaa, ukakua kwa ng'ombe, ukamalizikia kortini mwaka 1913. Habari zake zafaa kujulikana, maana zaeleza jinsi nchi ya Kenya ilivyotawaliwa: si kwa nguvu za Wazungu peke yao, bali pia kwa mikono ya watu wa nchi waliokuwa na haja zao wenyewe.

NCHI ILIYOPATWA NA MISIBA

Kabla ya mwaka 1880 Wamasai walikuwa wakiogopwa katika nchi yote iliyo kati ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Wafanyabiashara wa pwani waliopita kwao walilipa ushuru wa nguo, shanga na nyaya, na wengi waliona heri kuzunguka mbali. Lakini nguvu hizo zilikuwa zimeanza kupungua kabla ya Mzungu kuweka boma lake la kwanza barani. Wamasai wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamepigana vita vikali. Walaikipiak walivunjwa wakatawanyika, na Wauasin Gishu vivyo hivyo, na mabaki yao wakatafuta hifadhi kwa watu wengine.

Halafu yakaja maradhi ya mifugo. Kwanza homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha, karibu mwaka 1890 na 1891, sotoka. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini, nayo iliua ng'ombe wengi mno hata mtu aliyekuwa na zizi lililojaa alibaki na fimbo mkononi. Kwa Mmasai ng'ombe si mali tu. Ndiye maziwa, ndiye mahari, ndiye sadaka, ndiye neno la amani kati ya jamaa na jamaa. Alipokufa ng'ombe, njaa iliingia, na nyuma ya njaa ikaja ndui, iliyowaua watu wengi mwaka 1892. Wengi walikimbilia kwa Wakikuyu na Wakamba, na wengine waliwaacha wake na watoto wao huko wakipewa chakula, kwa matumaini ya kuja kuwakomboa baadaye.

Katika misiba hiyo ikaongezeka fitina ya urithi. Mbatian, oloiboni mkuu aliyesifiwa sana, alifariki karibu mwaka 1890. Wanawe wawili, Olonana na Senteu, walishindana juu ya urithi wake. Waloita walimfuata Senteu, na sehemu nyingine za Wamasai zilimfuata Olonana. Yafaa kukumbuka kwamba oloiboni hakuwa mfalme. Alikuwa mganga na mwaguzi, mwenye kubariki vita na kuombea mvua. Mambo ya nchi yaliamuliwa na wazee na viongozi wa marika, kila sehemu kwa baraza lake. Neno hili dogo lilikuja kuwa kubwa baadaye, pale Waingereza walipotafuta mtu mmoja wa kuwasemea Wamasai wote.

Hivyo Olonana alikuwa na watu wenye njaa, mazizi matupu, na ndugu aliyemfanyia vita. Alihitaji rafiki.

WAGENI WASIO NA NGUVU

Waingereza nao walikuwa na haja. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati ya Malkia mwaka 1888 ili ifanye biashara na kutawala. Shabaha yake ilikuwa Uganda, na nchi iliyo kati ya pwani na Uganda ilihesabiwa kuwa njia tu. Kampuni haikuwa na fedha nyingi wala askari wengi. Boma lake la kwanza katika nchi ya Wakikuyu, lililojengwa Dagoretti mwaka 1890, liliachwa na kuharibiwa. Mwaka 1891 likajengwa boma jingine karibu na Kabete, likaitwa Fort Smith. Humo waliishi Wazungu wachache na askari wao, na mara nyingi hawakuthubutu kutoka nje bila bunduki, kwa kuwa ugomvi na Wakikuyu wa jirani haukwisha. Mwaka 1892 Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekuwa kwanza rafiki wa Kampuni, alikamatwa na kupelekwa pwani, akafa njiani Kibwezi.

Msimamizi wa Fort Smith tangu mwaka 1892 alikuwa Francis Hall, ambaye jina lake lilipewa baadaye mji wa Fort Hall, ndio Murang'a. Mwaka 1893 na 1894 Wamasai wenye njaa, waliofukuzwa na Waloita, walifika karibu na boma lake wakitaka hifadhi. Hall aliwapokea, kisha akawaweka Ngong. Hakufanya hivyo kwa huruma pekee. Aliona kwamba hao wenye njaa walikuwa ni watu wa vita, na kwamba wangeweza kumfanyia kazi ambayo askari wake wachache hawakuweza kuimaliza. Nao Wamasai waliona kwamba chini ya boma lenye bunduki Waloita hawangewafikia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kila mmoja alikuwa mgeni na kila mmoja alikuwa mwenyeji, na wote wawili walitaka kupona.

Tarehe 15 Juni 1895 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba nchi yote imekuwa chini ya hifadhi yake, Kampuni ikaondoka. Lakini maofisa waliobaki barani walikuwa wale wale, na uchache wao ulikuwa ule ule.

KEDONG

Miezi mitano baadaye yakatokea mauaji ya Kedong. Msafara wa wapagazi zaidi ya elfu moja ulikuwa umepeleka chakula Eldama Ravine, nao ulikuwa ukirudi Kikuyu. Walipopiga kambi karibu na maboma ya Wamasai, baadhi ya wapagazi waliwaingilia wasichana na kugombana na wenyeji. Wazee walijaribu kuwazuia morani, wakashindwa. Morani wakauangukia msafara, na zaidi ya nusu ya wapagazi hawakurudi makwao.

Mfanyabiashara mmoja Mskoti, jina lake Andrew Dick, aliyekuwa karibu na mahali hapo, alipopata habari alichukua bunduki akawafuata Wamasai ili alipize kisasi. Aliwapiga risasi wengi, na kuteka ng'ombe, kabla hajauawa mwenyewe kwa mkuki.

Ndipo Serikali ikafanya uchunguzi. John Ainsworth, ofisa aliyekaa Machakos, aliisikiliza habari yote. Uamuzi ulikuwa kwamba msafara ndio ulioanza uchokozi, na kwamba Wamasai wamekwisha kuadhibiwa kwa watu waliouawa na Dick. Hawakupelekewa jeshi. Ng'ombe waliokwisha kutekwa ndio waliokuwa faini yao.

Wamasai walistaajabu. Walikuwa wametazamia moto, wakaletewa hukumu. Kwa miaka mingi baadaye wazee walikumbuka kwamba Mzungu mmoja peke yake alikuwa ameua watu wengi, na kwamba Wazungu wengine walikuwa wamekubali kosa la watu wao. Mambo hayo mawili, nguvu ya bunduki na haki ya hukumu, yaliwafanya waone kwamba urafiki na watu hawa una faida.

Lakini upande wa Serikali kulikuwa na sababu nyingine, isiyosemwa wazi. Mwaka ule ule wa 1895 Mbaruk bin Rashid na Mazrui wenzake walikuwa wakipigana na Waingereza pwani, na askari waliokuwapo walihitajiwa huko. Wanandi walikuwa wameanza kushambulia njia ya Uganda. Kama Serikali ingalifanya vita na Wamasai pia, njia yote kati ya Machakos na Ravine ingalifungwa. Hukumu ya Ainsworth ilikuwa ya haki, tena ilikuwa ya lazima. Jamaa za wapagazi waliouawa, hasa Wakikuyu, hawakuwa na sababu ya kuisifu.

KAZI YA MORANI NA UJIRA WAKE

Tangu hapo Serikali ilipotaka kuwapiga watu waliokataa amri yake, iliwaita morani. Walikwenda pamoja na askari wa Kinubi na wa Kiswahili katika vita vidogo vingi: katika nchi ya Wakikuyu, kwa Wanandi, kwa Wakipsigis wa Sotik mwaka 1905, na kwa Waembu mwaka 1906. Katika vita vikubwa vya Nandi vya mwaka 1905 na 1906 mamia ya morani walifuatana na jeshi. Hivyo ndivyo vita ambavyo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwanzoni mwake, tarehe 19 Oktoba 1905, alipokuja kuonana na ofisa Richard Meinertzhagen.

Kazi yao ilikuwa nini? Askari wenye bunduki waliweza kuvunja jeshi lililosimama mbele yao, lakini hawakuweza kuwafuata watu msituni na milimani, wala kuswaga ng'ombe elfu kwa siku moja. Morani walijua kazi hiyo tangu utoto. Walipita mbele wakipeleleza, wakawakata adui njia, wakateka mifugo na kuichunga mpaka kambini. Katika vita vya namna ile, mwenye kuwachukua ng'ombe ndiye mshindi, maana adui aliyenyang'anywa ng'ombe hana budi kuomba amani.

Mkono mtupu haulambwi. Serikali haikuwa na fedha za kuwalipa morani mishahara, basi ujira wao ulikuwa fungu la ng'ombe waliotekwa. Mpango huo uliwafaa wote wawili. Serikali ilipata jeshi lisilogharimu kitu, na fungu lake la mifugo likasaidia kulipa gharama nyingine. Wamasai walijaza tena mazizi yaliyomalizwa na sotoka. Mtoto aliyezaliwa Ngong wakati wa njaa aliona, kabla hajatahiriwa, baba yake akiwa tajiri tena. Hapo ndipo pia baadhi ya wanawake na watoto walioachwa kwa Wakikuyu walipokombolewa, kwa msaada wa maofisa wa Serikali.

Olonana naye alipata alilolitaka. Serikali ilimtambua kuwa mkuu wa Wamasai wote, ikamlinda juu ya ndugu yake. Senteu alishindwa, akaomba amani mwaka 1902. Kwa macho ya watu wa Olonana, urafiki ulikuwa umezaa matunda.

Walakini matunda hayo yalitoka shambani mwa mtu mwingine. Ng'ombe walioingia zizi la Mmasai walikuwa wametoka zizi la Mnandi, la Mkipsigis au la Mwembu, na pamoja na ng'ombe nyumba zilichomwa na watu waliuawa. Uadui uliotokana na vita hivyo haukwisha upesi. Wala si haki kusema kwamba morani walikuwa watumishi tu wa Mzungu. Wengi waliwapiga adui zao wa zamani, kwa sababu zao za zamani, na bunduki ya Serikali ikiwa nyuma yao.

MUMIA WA WANGA

Wamasai hawakuwa peke yao katika shauri hili. Upande wa magharibi, karibu na mto Nzoia, Nabongo Mumia wa Wanga alifanya urafiki wa namna hiyo. Joseph Thomson alipita kwake mwaka 1883, na misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kuzoea kupumzika katika mji wake. Mumia alizungukwa na majirani waliokuwa na nguvu kuliko yeye, na wazee wake walikuwa wakiwatumia Wamasai wa Uasin Gishu kama askari wa kukodiwa. Waingereza walipoweka kituo kwake mwaka 1894, aliona kwamba amepata askari bora zaidi, tena bila ya kuwakodi.

Mwaka 1895 C. W. Hobley na wenzake waliwapiga Wabukusu katika maboma ya Lumboka na Chetambe. Pamoja na Wanubi walikuwapo Waganda, Wamasai na watu wa Wanga. Baada ya ushindi, Serikali ilitumia jamaa za Mumia kuwa wasimamizi juu ya makabila mengine ya Waluyia, na mwaka 1909 Mumia mwenyewe akatangazwa kuwa chifu mkuu. Watu waliotawaliwa na Wawanga walinung'unika kwa miaka mingi wakisema kwamba hawakuwahi kuwa raia wa Mumia hata Mzungu alipokuja. Polepole wasimamizi wa Kiwanga waliondolewa na wenyeji wakawekwa. Makao ya Serikali yalihamishwa kwenda Kakamega mwaka 1920, Mumia akastaafu mwaka 1926, akafariki mwaka 1949 akiwa mzee sana.

Mumia alipungukiwa na mamlaka, lakini watu wake walibaki katika ardhi yao. Wamasai hawakupata bahati hiyo. Tofauti yao na Wawanga haikuwa katika uaminifu, maana Olonana alikuwa mwaminifu kama Mumia. Tofauti ilikuwa katika ardhi. Nchi ya Wanga ilikuwa na wakulima wengi waliokaa karibu karibu. Nchi ya Wamasai ilikuwa pana, baridi, yenye majani na maji, na reli ilipita katikati yake.

RELI NA MASETLA

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe na ambapo jina lake latokana na neno la Kimasai la maji baridi. Mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Wakati wa kujengwa kwake Wamasai hawakuizuia, na hilo lilikuwa faida kubwa kwa Serikali, ukikumbuka jinsi Wanandi walivyoiba nyaya za simu na vyuma vya reli mwaka baada ya mwaka.

Lakini reli ilipokwisha, mizani ya urafiki iligeuka. Askari waliweza kupelekwa kwa gari moshi mpaka Bonde la Ufa kwa siku chache. Mwaka 1902 majeshi mbalimbali yaliunganishwa yakawa King's African Rifles, ndiyo Keya. Mwaka huo huo sehemu ya mashariki ya Uganda, pamoja na bonde lote la Naivasha na Nakuru, ilitiwa katika Hifadhi ya Afrika ya Mashariki. Serikali haikuwahitaji tena morani kama zamani. Kilichohitajiwa sasa kilikuwa mizigo ya kulipia gharama za reli, na Kamishna, Sir Charles Eliot, aliamini kwamba mizigo hiyo italetwa na masetla wa Kizungu wakilima na kufuga kando ya reli. Masetla wakaanza kuja, naye Lord Delamere, aliyejulikana kuliko wote, akapewa ardhi Njoro mwaka 1903.

Ardhi waliyoitaka ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa kuwa Wamasai wakati ule hawakulima, na kwa kuwa walihamahama kwa majira, mgeni aliyeiona nchi wakati walipohamia mlimani alidhani ni nchi isiyo na mwenyewe.

MKATABA WA 1904

Eliot alijiuzulu mwaka 1904 baada ya kutofautiana na wakubwa wake huko London juu ya kugawa ardhi. Aliyemfuata, Sir Donald Stewart, ndiye aliyefanya mapatano na Wamasai mwezi wa Agosti mwaka ule. Olonana na wazee wengine walitia alama zao katika hati. Maneno yake, kwa kifupi, yalikuwa haya: Wamasai wataondoka katika Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na Nakuru. Watapewa nchi mbili, moja Laikipia kaskazini, na moja kusini ya Ngong na reli. Nchi hizo mbili zitaunganishwa kwa njia yenye upana wa nusu maili, ili watu na mifugo wapite. Katika mteremko wa Kinangop watabakishiwa maili tano mraba kwa ajili ya sherehe za kutahiri. Na mapatano hayo yatadumu maadamu Wamasai wapo kama taifa.

Kwa nini walikubali? Wengine walifuata ushauri wa Olonana. Wengine walitumaini kwamba, wakiisha kuacha bonde, Laikipia itakuwa yao bila ya usumbufu. Tena walikuwa wamezoea kwa miaka kumi kwamba neno la Serikali kwao ni neno la rafiki. Mwenye kumwamini rafiki hahesabu vidole vyake baada ya kupeana mkono.

Mapatano hayo yaliwagawanya Wamasai. Wapurko na wengine walikwenda Laikipia. Wakaputiei, Wamatapato na wenzao walikaa kusini. Njia ya nusu maili haikupata kutumika kama ilivyoahidiwa, na karantini za maradhi ya mifugo zilizidi kuwatenga jamaa na jamaa. Vijana wa kaskazini hawakuweza kuja kwa urahisi katika sherehe za kusini, wala Olonana hakuweza kuwaongoza watu waliokuwa mbali naye.

LAIKIPIA NA KORTI

Haikupita hata miaka saba. Masetla walikuwa wameiona Laikipia nayo, wakaitaka. Gavana Sir Percy Girouard alishauri Wamasai wote waunganishwe katika nchi moja kusini, nayo iongezwe upande wa magharibi. Olonana aliunga mkono shauri hilo, kwa kuwa alitaka watu wake wote wawe pamoja chini yake. Alifariki mwezi wa Machi 1911, na ilisemwa kwamba neno lake la mwisho lilikuwa kuwaambia Wamasai waitii Serikali. Wengine hawakuliamini neno hilo, na wengine waliliamini wasilipende.

Kiongozi wa Wapurko wa kaskazini alikuwa Legalishu. Naye alikuwa mmoja wa wale waliokuwa rafiki wa Serikali tangu zamani. Alikubali, akasita, akakataa, akakubali tena. Mwezi wa Aprili 1911 mapatano mapya yalitiwa alama, na safari ikaanza mwaka ule. Maelfu ya watu na malaki ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walipandishwa milima ya Mau wakati wa mvua na baridi. Mifugo mingi ilikufa, na safari ikasimamishwa. Waliokwenda mbele kuangalia nchi mpya walirudi wakisema kwamba maji yake hayatoshi na maradhi ya ng'ombe ni mengi.

Mwaka 1912 Wamasai wa kaskazini walifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa bado na watu wa nchi katika Hifadhi ile: walikusanya fedha wakaajiri mawakili, wakaishtaki Serikali katika Korti Kuu. Ole Njogo na wenzake walidai kwamba mapatano ya 1904 bado yana nguvu, kwamba wale waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea Wamasai wote, na kwamba walipwe hasara ya mifugo yao. Baadhi ya Wazungu, akiwamo Norman Leys, daktari wa Serikali, waliona kwamba Wamasai wanadhulumiwa wakasema hivyo. Naye Leys akahamishwa kutoka katika nchi.

Hukumu ilitoka mwaka 1913. Majaji hawakusema kwamba uhamisho ulikuwa wa haki, wala kwamba haukuwa wa haki. Walisema kwamba korti haina uwezo wa kuitazama kesi. Sababu yao ilikuwa kwamba nchi ya Hifadhi si milki ya Mfalme wa Uingereza, na Wamasai si raia wake bali ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo mapatano yao ni kama mapatano kati ya dola na dola, na yakivunjwa, hakuna korti ya kawaida iwezayo kuyaamua. Rufani ilikataliwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Ndani ya mwaka huo uhamisho ulimalizika, na Laikipia ikabaki kwa masetla.

Hivyo Wamasai walijifunza maana mbili za neno moja. Olonana alipofanya urafiki na Hall na Ainsworth, alidhani kwamba ni agano kati ya watu wawili walio sawa, kila mmoja akiwa na nchi yake. Korti ilikubaliana naye kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo ikawafungia mlango watu wake.

MAANA YA HABARI HIZI

Wanandi walipigana na Waingereza kuanzia mwaka 1895 hata 1906. Waliuawa kwa mamia, kiongozi wao akauawa, na sehemu ya nchi yao ikachukuliwa. Wamasai hawakupigana, bali walisaidia. Nao waliondolewa Bonde la Ufa mwaka 1904 na Laikipia mwaka 1913. Mtu akipima mambo haya mawili, ataona kwamba si uadui wala urafiki uliokuwa kinga ya ardhi. Ardhi iliyotakiwa ilichukuliwa, kwa bunduki au kwa hati.

Hata hivyo si vema kuwacheka wazee wa wakati ule na kusema kwamba walidanganywa kama watoto. Mwaka 1894 Olonana hakuwa na habari ya masetla, kwa maana hata maofisa wa Kampuni hawakuwa na habari yao. Wote walidhani nchi ile ni njia ya kwendea Uganda. Alichokiona Olonana ni watu wake wakifa kwa njaa na ndugu yake akija na mikuki. Alichagua lililookoa maisha mwaka ule. Kama asingalichagua hivyo, huenda pasingalibaki Wamasai wa kutosha kudai chochote mwaka 1912.

Kosa, kama lilikuwako, lilikuwa la baadaye: kudhani kwamba urafiki uliozaliwa katika haja ya pande mbili utadumu wakati haja ya upande mmoja imekwisha. Legalishu na Ole Njogo waliliona hilo wakaacha mikuki wakashika karatasi. Walishindwa, lakini madai yao hayakufa. Mwezi wa Agosti 2004, ilipotimia miaka mia tangu mapatano ya kwanza, Wamasai waliandamana wakitaka warudishiwe Laikipia, na wafugaji wakaingiza mifugo yao katika mashamba makubwa ya huko. Serikali ya Kenya ilikataa dai hilo, polisi wakawatawanya, na mzee mmoja akauawa kwa risasi.

Waandamanaji wale walikuwa wakitaja mwaka 1904 kama watu watajao jambo la jana. Asante ya punda ni mateke, husema Waswahili. Na aliyepigwa teke hukumbuka muda mrefu kuliko punda.